Mwongozo kamili: Kuweka ramani ya zamani ya bonde la Rufiji juu ya picha ya satelaiti

Wanaojaribu kuweka karatasi ya zamani ya skeli 1:50,000 juu ya picha ya satelaiti hukwama mahali palepale. Wakimaliza, mto wa kwenye ramani unakaa kama mita 300 kutoka pale ulipo leo, na barabara na vilima navyo vimesogea kwa kiasi hichohicho. Wapo wanaofurahi wakidhani wamegundua mto umehama. Wapo wanaoivuta ramani mpaka kona za mto wa zamani zilale juu ya kona za leo, na kwa kufanya hivyo wanafuta kile walichokuwa wanakitafuta.

Dawa ni moja: ramani ipachikwe kwa gridi yake yenyewe (mistari ya miraba iliyochapwa juu yake), katika mfumo wa koordineti, yaani namba za mahali, iliochorwa nao, kisha ndipo mto ulinganishwe. Mto usiguswe mpaka mwisho.

Mfano wetu ni bonde la chini la Rufiji, kuanzia Mloka kupita Utete hadi delta, kwa karatasi za mfululizo wa Y742 wa Tanzania. Hatua ni zilezile kwa Ruvu, Pangani na Kilombero, na kwa Tana kule Kenya ambako mfululizo ni Y731. Kinachobadilika ni namba ya kanda (kipande cha dunia chenye upana wa digrii 6 za longitudo), nayo tutaieleza.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Karatasi ya ramani, skeli 1:50,000. Kila karatasi hufunika dakika 15 (robo ya digrii) kwa dakika 15, yaani kama kilomita 27.6 kila upande, au sentimita 55 hivi kwenye karatasi. Namba kama 148/4 ina maana ya robo ya 4 ya karatasi kubwa namba 148: 1 ni kaskazini-magharibi, 2 kaskazini-mashariki, 3 kusini-magharibi, 4 kusini-mashariki. Kwa Tanzania ulizia idara ya upimaji na ramani ya Wizara ya Ardhi. Kwa Kenya, Survey of Kenya, Ruaraka.
- Skana kubwa ya bapa au ya kuvuta karatasi, yenye uwezo wa dpi (nukta kwa inchi) 300 hadi 400. Maduka yanayochapa michoro ya wahandisi huwa nayo.
- Kompyuta yenye RAM ya GB 8 na programu ya ramani ya QGIS, toleo la 3 lolote la karibuni. Ni ya bure.
- Picha ya satelaiti ya Sentinel-2 ya kiangazi, pikseli ya mita 10. Nayo ni bure. Kwa miaka ya katikati, Landsat 5 inaanzia 1984, pikseli ya mita 30.
- Data ya mwinuko ya SRTM, ya mita 30, kwa ajili ya kuhakiki.
- Rula ya chuma ya sentimita 30, penseli na daftari.

Ramani za Kijerumani za skeli 1:300,000 hazifai kazi hii. Milimita moja pale ni mita 300 ardhini, na vijito vingi vilichorwa kwa kufuata njia ya msafara. Zinafaa kwa majina ya mahali, si kwa kupima mto.

## Hatua ya 1: Soma pambizo kabla ya kugusa skana

Pambizo ndiyo sehemu inayorukwa zaidi, na ndiyo yenye majibu yote. Andika daftarini:

1. Namba ya karatasi, jina na toleo.
2. Mwaka wa picha za anga zilizotumika kuchora. Mwaka wa kuchapwa ni jambo jingine. Karatasi inaweza kuwa imechapwa miaka kadhaa baada ya picha kupigwa, na mto uliochorwa ni wa siku ya picha.
3. Makadirio, yaani njia ya kulaza dunia ya duara kwenye karatasi bapa: tafuta maneno Universal Transverse Mercator (UTM).
4. Sferoidi, yaani umbo la dunia lililotumika: Clarke 1880, mara nyingi limeongezwa neno Modified.
5. Datamu, yaani mahali umbo hilo lilipowekwa: New (1960) Arc. Hii ndiyo inayoitwa Arc 1960 kwenye programu.
6. Nafasi kati ya kontua (mistari ya mwinuko) na kipimo chake. Karatasi nyingine ni mita 20, nyingine futi 50. Usibahatishe.

Onyo: kama gridi si ya UTM, au pambizo inataja yadi, usiendelee na koordineti za gridi. Tumia latitudo na longitudo za pembe nne na alama zake ndogo za dakika zilizoko kwenye fremu, ukichagua mfumo wa digrii.

Umefaulu ikiwa: una mistari sita daftarini na hakuna hata mmoja ulioandikwa kwa kudhani.

## Hatua ya 2: Pima karatasi, kisha uiskani

Karatasi hunywa unyevu na kukauka, ikatanuka na kusinyaa. Kwa kawaida haisinyai sawa pande zote mbili. Weka rula juu ya mistari ya gridi: miraba 10 ya kilomita 1 iwe sentimita 20 kamili. Pima kwa mlalo, kisha kwa wima.

Ukipata milimita 200.0 kwa mlalo na 199.2 kwa wima, tofauti ni asilimia 0.4. Inaonekana ndogo, ila kwenye karatasi nzima ni mita 110 ardhini. Ndiyo maana Hatua ya 5 inakataza aina ya ukokotozi inayodhani pande zote zimebadilika sawasawa.

Skani kwa dpi 300 au 400, rangi kamili, faili la TIFF. Kwa dpi 300 pikseli moja ni mita 4.2 ardhini, kwa dpi 400 ni mita 3.2. Kupanda hadi 600 kunakupa faili zito bila faida, kwa kuwa mstari wenyewe uliochapwa una unene wa mita kadhaa. JPEG iliyobanwa sana huchafua kingo za mistari ya buluu, na ndiyo utakayofuata baadaye.

Karatasi iliyokunjwa ilaze chini ya kioo au vitabu vizito siku mbili. Usiipige pasi ya mvuke.

Na picha ya simu? Iache ukiweza. Lenzi hupinda pembe, na mikunjo huonekana kama vilima. Kama karatasi iko kwenye maktaba isiyotoa kitu nje, piga vipande vinne vinavyoingiliana, simu ikiwa sambamba na meza, na ujue utahitaji alama kila kilomita 2 badala ya 8.

Umefaulu ikiwa: ukikuza, mstari wa gridi unaonekana mmoja na mkali, na fremu yote pamoja na pambizo imo.

## Hatua ya 3: Weka mfumo sahihi wa koordineti

Hapa ndipo mita 300 zinapopotelea. Soma polepole.

Koordineti za karatasi yako ziko kwenye Arc 1960. GPS, simu na picha za satelaiti ziko kwenye WGS84. Namba zinafanana sura, zote ni UTM, zote ni mita, lakini zinaanzia kwenye umbo tofauti la dunia lililowekwa mahali tofauti. Nukta moja ardhini ina namba mbili tofauti.

Namba za EPSG (orodha ya kimataifa ya mifumo ya koordineti) za kuandika daftarini:

- EPSG:21037: Arc 1960, UTM kanda 37 Kusini. Hii ndiyo ya Rufiji, na ya eneo lolote kusini mwa ikweta kati ya longitudo 36 na 42.
- EPSG:21036: Arc 1960, kanda 36 Kusini, longitudo 30 hadi 36.
- EPSG:32737: WGS84, kanda 37 Kusini. Hii ni ya picha za satelaiti. Si ya karatasi.

Bonde la Kilombero linahitaji uangalifu. Ifakara iko kanda ya 37, lakini ukipanda mto kuelekea magharibi unavuka longitudo 36 na kuingia kanda ya 36. Soma kila karatasi kivyake.

Ukiipa karatasi EPSG:32737 kwa makosa, katika Rufiji kila kitu kitakaa kama mita 300 kaskazini na mita 95 magharibi mwa mahali pake. Kosa hili lina dalili yake. Ukiona kila kitu kimeteleza upande huo kwa kiasi hicho, usitafute sababu nyingine.

Fungua QGIS, anzisha mradi mpya, na uuweke kwenye EPSG:21037 kwa kubofya kitufe cha kona ya chini kulia.

## Hatua ya 4: Weka alama kwenye makutano ya gridi

Fungua Georeferencer, kifaa cha QGIS cha kupachika ramani. Matoleo mapya yanaiweka chini ya menyu ya Layer. Ya zamani, chini ya Raster. Pakia TIFF yako.

Tumia makutano ya mistari ya gridi, alama 16, nne kwa nne, zikiachana kilomita 8 hivi na zikifika karibu na fremu pande zote. Usizirundike katikati ya karatasi: pembe zitabaki hazina wa kuzishika.

Kusoma namba. Kando ya fremu, mistari mingi ina tarakimu mbili kubwa tu. Karibu na pembe kuna namba kamili yenye tarakimu ndogo mbele yake. Tuseme eneo la Utete: mstari wa wima wenye 73 na 4 ndogo mbele yake ni 473000 mashariki. Mstari wa mlalo wenye 15 na 91 ndogo mbele yake ni 9115000 kaskazini. Mashariki ina tarakimu 6, kaskazini ina 7. Hesabu tarakimu kila unapoandika.

Bofya katikati kabisa ya makutano ukiwa umekuza mpaka pikseli zinaonekana. Kwenye kidirisha, X ni mashariki, Y ni kaskazini. Kama toleo lako lina kisanduku cha kuchagua mfumo wa koordineti hapohapo, kiwe EPSG:21037. Kisanduku hicho hupenda kurudi kwenye mfumo uliotumika mwisho, basi kitazame kila mara.

Mistari ya gridi haiendi sambamba na fremu. Fremu hufuata latitudo na longitudo. Gridi hufuata UTM, na zinapishana kwa pembe ndogo. Kwa hiyo pembe ya fremu haiangukii kwenye namba kamili ya gridi, na asikudanganye mtu uiandikie namba kamili.

Vitu ambavyo usivitumie kama alama, hata vikikuita:

- *Kona za mto, visiwa na mafungu ya mchanga.* Ndivyo unavyotaka kupima.
- *Vivuko.* Karatasi iliyochorwa kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa 2003 inaonyesha kivuko cha Ndundu. Kivuko hufuata kingo za mto, na daraja halikujengwa juu ya alama ya pantoni.
- *Vijiji vya uwandani.* Operesheni Rufiji, mwishoni mwa miaka ya 1960, ilihamisha watu kutoka uwanda wa mafuriko hadi maeneo ya juu. Nukta nyeusi za nyumba kwenye karatasi zinaweza kuwa leo ni shamba la mpunga au pori, na jina la kijiji liko kilomita kadhaa kando.

Hifadhi alama zako kwenye faili la .points kabla ya kuendelea. Programu ikizima ghafla, usirudie kuandika namba 32.

Umefaulu ikiwa: una alama 16, na tarakimu zote za mashariki ni 6, za kaskazini 7.

## Hatua ya 5: Kokotoa

Kwenye mipangilio ya Georeferencer:

- Aina ya ukokotozi: Polynomial 1. Inaruhusu mlalo na wima kusinyaa tofauti, ambavyo ndivyo karatasi inavyofanya. Helmert hairuhusu, kwa hiyo iache.
- Resampling: Nearest neighbour, ili buluu ya mto isichanganyike na kijani cha mimea.
- Mfumo lengwa: EPSG:21037.
- Kubana faili: LZW.

Tazama safu ya mabaki (Residual) kwenye jedwali la alama, yaani umbali kati ya ulipobofya na pale ukokotozi unapoiweka alama. Kwa dpi 300, wastani wa pikseli 2 hadi 3 ni sawa na mita 10 hivi, na hiyo ni kazi nzuri. Alama moja ikiwa na pikseli 40 wakati nyingine zina 2, umekosea tarakimu au umebofya makutano ya jirani. Irekebishe, usiifute ili tu wastani upendeze.

Kuna udanganyifu wa aina mbili hapa. Ukiwa na alama 3 tu, mabaki huwa sifuri daima, kwa kuwa Polynomial 1 inahitaji alama 3 na hakuna ya nne ya kuisuta. Aina ya Thin plate spline nayo hupitisha ramani kwenye kila alama kwa nguvu, basi mabaki ni sifuri hata ukiandika koordineti ya uongo. Itumie tu kwa picha za simu au karatasi iliyojikunja vibaya, na ukiwa na alama nyingi ulizozihakiki kwa Polynomial 1 kwanza.

Na la tatu, kubwa kuliko yote: mabaki madogo hayathibitishi datamu. Ukiweka mfumo mbaya, alama zote 16 zinakosea kwa kiasi kilekile, na jedwali linatulia kama kawaida. Ndiyo maana Hatua ya 7 haiepukiki.

## Hatua ya 6: Leta picha ya satelaiti na uchague badiliko la datamu

Chagua picha ya Sentinel-2 ya Septemba hadi Novemba, wakati maji yako chini. Masika, Machi hadi Mei, uwanda hujaa na hutaona kingo. Panga bendi (tabaka za rangi za picha) 8, 4, 3: maji hutoka meusi, mimea nyekundu, mchanga mweupe.

Kuna jambo la Rufiji peke yake. Bwawa la Julius Nyerere, juu ya mto, lilianza kujazwa Desemba 2022. Tangu hapo kina cha maji chini ya bwawa hufuata pia milango inavyofunguliwa. Kama unataka mkondo kabla ya bwawa kuugusa, chukua picha ya kiangazi cha 2022 au kabla yake.

Ukiongeza picha hiyo, QGIS inaweza kukuuliza itumie badiliko gani kati ya Arc 1960 na WGS84. Utaona machaguo kama haya:

- La Tanzania: −175, −23, −303
- La Kenya: −157, −2, −299
- La wastani wa nchi hizo mbili: −160, −6, −302

Kwa Rufiji chukua la Tanzania. Tofauti kati yake na la wastani, hapa, ni mita 5 au 6 tu, kwa hiyo usilale macho kwa ajili yake. Usichokubali ni chaguo lenye neno ballpark. Hilo halibadilishi datamu hata kidogo, na ramani itakaa kama mita 220 kaskazini na 95 magharibi. Umbali huu ni tofauti na ule wa Hatua ya 3, na tofauti hiyo ndiyo itakayokuambia umekosea wapi.

Kama programu haikukuuliza, fungua sifa za mradi, sehemu ya Transformations, uone imechagua nini kimyakimya.

## Hatua ya 7: Hakiki kwa vitu visivyohama

Tafuta nukta 5 ambazo hukuzitumia kama alama, nje ya uwanda wa mafuriko:

- bikoni za upimaji juu ya vilima;
- makutano ya barabara za zamani zilizoko kwenye ardhi ya juu;
- majengo ya serikali ya zamani ambayo bado yamesimama;
- kingo za vilima na makorongo ya mawe.

Bondeni vitu hivi ni haba, basi tumia mwinuko. Pakia SRTM, itengenezee kivuli cha vilima, kisha ifanye ramani yako iwe na uwazi wa asilimia 50. Kontua zilizofungana zikae juu ya vilele, na zile zenye umbo la V zikae kwenye makorongo. Ncha za V zote zikiwa zimetoka nje ya korongo kuelekea upande mmoja, datamu bado haijakaa.

Umefaulu ikiwa: nukta zako 5 zimekosea kwa mita 10 hadi 40, kila moja upande wake. Makosa yaliyotawanyika ni ya karatasi na mkono. Makosa yanayoelekea upande mmoja ni ya mfumo.

## Hatua ya 8: Chora kingo za mto

Tengeneza faili moja la GeoPackage lenye tabaka mbili za poligoni (maumbo yaliyofungwa): mto wa zamani na mto wa leo. Zote mbili ziwe EPSG:32737, ili vipimo vyote viwe kwenye mfumo mmoja.

Kaza ukuzaji kwenye 1:10,000 na usiubadilishe. Ukichora kipande hiki ukiwa karibu na kile ukiwa mbali, mstari utakuwa na ulaini tofauti, na ulaini huo utaonekana kama badiliko la mto.

Kwenye karatasi, fuata ukingo wa nje wa buluu pamoja na mafungu ya mchanga yaliyochorwa kwa vinukta. Kwenye satelaiti fanya vilevile: fuata mahali mimea ya kudumu inapoanzia, si mahali maji yanapoishia. Kina cha maji hupanda na kushuka kila wiki. Ukingo wenye mimea huchelewa kuhama. Anayefuata maji upande mmoja na mimea upande wa pili atapata mto uliopungua nusu ya upana, bila mto kufanya lolote.

Vijito vilivyochorwa kwa mstari mmoja wa buluu usivipime upana. Mstari wa milimita 0.3 ni mita 15 kwa skeli hii, hata kama kijito chenyewe unakiruka kwa hatua moja.

Yale maziwa membamba ya umbo la upinde, yaliyobaki pale mto ulipokata kona, yachore kwenye tabaka la tatu. Ukikuta ziwa la namna hiyo kwenye karatasi ya zamani tayari, kona ilikatwa kabla ya picha za anga. Usiliingize kwenye hesabu ya badiliko lako.

Pale karatasi mbili zinapokutana huenda mto usiungane. Kabla ya kuilaumu kazi yako, tazama mistari ya gridi na kontua. Kama zimeungana vizuri na mto tu ndio umeruka mita 150, karatasi mbili zilichorwa kwa picha za anga za miaka tofauti. Acha pengo lilivyo, na uandike mwaka wa kila upande.

## Hatua ya 9: Pima

Chora mstari wa katikati ya kila mkondo. Kwenye ule wa zamani, weka nukta kila mita 1,000 kwa kutumia zana ya QGIS iitwayo Points along geometry, na kutoka kila nukta pima umbali hadi mstari wa leo kwa pembe mraba.

Kwa wastani wa kipande kizima kuna njia nyepesi: tengeneza poligoni ya eneo lililoko kati ya mistari miwili, kisha gawa eneo kwa urefu wa mstari wa zamani. Kwa mfano, kilomita za mraba 4.2 kwa kilomita 14 za mto ni wastani wa mita 300.

Sasa ukokotoe kosa lako kabla hujamwonyesha mtu namba:

- uchoraji wa ramani yenyewe, milimita 0.5: mita 25
- kupachika: mita 10
- datamu: mita 10
- pikseli ya satelaiti: mita 10
- mkono wako: mita 10

Weka kila moja kwenye kipeo cha pili, jumlisha, tafuta kipeuo cha pili: unapata mita 32. Chukua mara mbili yake, kama mita 65. Badiliko lililo chini ya hapo usilitangaze. Kwa Rufiji hiyo si hasara kubwa, mto huu unapohama haubanii.

Ukitaka kasi ya mwaka, gawa kwa miaka kati ya picha ya anga na picha ya satelaiti. Andika waziwazi kwamba ni wastani. Mto wa uwandani unaweza kutulia miaka kumi kisha ukakata kona kwa mafuriko ya msimu mmoja, na namba ya "mita 7 kwa mwaka" inaficha hilo. Weka picha za Landsat za katikati uone kama uliruka au ulitambaa.

## Hatua ya 10: Nenda ardhini

Peleka ramani kwenye simu kwa programu ya QField. GPS ya simu kwenye uwazi hukosea mita 3 hadi 5, inatosha kabisa. Tembelea sehemu tatu: ukingo uliokatwa, mkondo uliokauka, na mahali ambapo ramani mbili zinakubaliana.

Waulize wazee majina yaliyoandikwa kwenye karatasi bila kuwaonyesha kwanza yalipo. Akikutajia ziwa au kitongoji na kukuonyesha upande, linganisha. Mkulima wa mlau, yaani kilimo cha uwandani baada ya mafuriko kupungua, anajua ni masika gani yaliyochukua shamba lake, na tarehe hiyo huwezi kuipata kwenye karatasi yoyote.

Usisogelee ukingo uliomong'olewa. Juu huwa na nyasi, chini kumeliwa. Na Rufiji ina mamba na viboko, basi vipimo vya ukingoni vichukue ukiwa na mwenyeji, mchana.

## Ikiharibika: dalili na chanzo

- Kaskazini mita 300, magharibi 95: karatasi imepewa EPSG:32737. Rudi Hatua ya 3.
- Kaskazini mita 220, magharibi 95: mfumo ni sahihi, badiliko la datamu halikufanyika. Rudi Hatua ya 6.
- Ramani imeangukia upande wa Iringa: umeacha ile 4 ndogo; 473000 imekuwa 73000.
- Ramani imepotelea karibu na ncha ya kusini ya dunia: umeacha 91, 9115000 imekuwa 15000.
- Ramani haionekani popote: umebadilishana X na Y.
- Katikati sawa, pembe zimeteleza: alama zimerundikana, au umetumia Helmert.
- Kipande kimoja kimevimba: mkunjo wa karatasi wakati wa kuskani. Skani upya, hakuna ukokotozi unaonyoosha mkunjo vizuri.
- Kila kitu sawa ila kontua hazilingani na SRTM kwa kimo: karatasi ni ya futi. Zidisha kwa 0.3048.

## Kuhifadhi

Jina la faili liwe na namba ya karatasi, mwaka wa picha za anga na namba ya EPSG, kwa mpangilio huo. Weka pamoja TIFF ya awali isiyoguswa, TIFF iliyopachikwa, faili la .points, GeoPackage, na picha ya pambizo. Ukitaka kuchapisha ramani yenyewe mtandaoni au kwenye ripoti, omba kwanza ruhusa ya idara iliyoitoa. Mistari uliyoichora mwenyewe juu yake iweke kwenye faili lake peke yake, ili uweze kuigawa bila karatasi.